Kilo Kumi na Nne

Fundi mizani aliiba kilo kumi na nne asubuhi ile, na mlinzi wa mlangoni akamshukuru kwa kazi nzuri.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye chumba cha usaili cha hospitali kubwa, ile yenye vigae vinavyong'aa mpaka unaona meno yako. Mizani ilikuwa mbele yake, imefunguliwa tumbo. Kuifanya mizani idanganye si kazi. Kazi ni kuifanya idanganye kwa adabu. Ikiwa tupu, mshale lazima utulie kwenye sifuri kama kawaida. Akipanda mtu, hapo ndipo upungue, na kwa mzito zaidi upungue zaidi. Akakaza skrubu moja robo mzunguko, akalegeza nyingine, akapanda mwenyewe. Yeye ni mtu wa kilo sabini. Mizani ikasema hamsini na tisa. Safi kabisa.

Miaka ishirini ya ufundi hakuwahi kuichezea mizani ya mtu. Wauza nyama walishambembeleza, wauza sukari walishamnunia, wote akawakatalia. Ila safari hii aliyehusika alikuwa mke wake, na kwa mke wake fundi hana msimamo.

Mke mwenyewe ni muuguzi wa miaka kumi na sita. Kwenye zahanati iliyofungwa mwaka jana, watoto walimwita Bi Sindano, kwa kuwa alimchoma mtoto huku akimpigia soga, mtoto anakuja kushtuka pamba imeshabandikwa. Ni mnene pia, na waajiri walianza kuuona unene kabla ya vyeti. Hospitali ya kwanza ilisema haina sare ya kumtosha. Ya pili ikasema ngazi zake ni nyingi, ikamwonea huruma ambayo hakuiomba. Ya tatu walimpandisha na kumshusha kwa macho, wakaahidi kumpigia simu. Simu hiyo mpaka leo iko njiani.

Hii ya nne iliandika waziwazi kwenye tangazo: mwombaji asizidi kilo themanini, na atapimwa siku ya usaili. Yeye alikuwa na tisini na mbili. Alisoma, akacheka, akasema angalau hawa si wanafiki. Kisha akaingia jikoni na hakutoka. Mumewe alipomfuata alimkuta ameshika kitambaa cha vyombo, macho mekundu. Alisema wakimkataa na hawa, uuguzi basi tena, atakwenda kuuza mitumba na dada yake. Fundi akakitwaa kitambaa, akamalizia vyombo mwenyewe.

Kwa hiyo hospitali ilipompigia aje kuikagua mizani kabla ya usaili, aliitikia upesi, na nyumbani hakusema neno. Mpango ulikuwa mwepesi. Asubuhi angepunguza, saa kumi angerudi kwa kisingizio cha kusahau koleo, akarekebisha kila kitu. Nani aliwahi kulalamika kwamba mizani imempunguzia?

Saa nane mchana alikuwa sebuleni, anajifanya anatengeneza redio, mke wake alipoingia na viatu mkono mmoja na barua mkono wa pili. Amepata kazi. Fundi akamvutia kiti, akamletea maji, akajiona shujaa ambaye, bahati mbaya, hawezi kujitangaza. Lakini ulimi ukamwasha.

"Na mizani ilisema ngapi?"

"Tisini na mbili."

Fundi akaanza kuzihesabu zile skrubu kichwani.

"Kwanza ilisema sabini na nane," mke wake akaendelea, akijikanda miguu. "Nikashuka."

Akasimulia bila haraka. Wenzake watano walikuwa wameshapanda kabla yake, wembamba watupu. Kila mmoja alisoma namba yake, akatabasamu, akashuka, wala hakuna aliyeuliza. Yeye uzito wake anaujua kama anavyoyajua majina ya wanawe. Akaomba jiwe la kupimia la kilo ishirini lililokuwa pembeni kwa ajili ya ukaguzi, akaliweka juu, mizani ikasema kumi na saba. Ndipo akawauliza wasaili mizani hii hukaa wapi siku nyingine. Wakamjibu kwamba ni ya wodi ya watoto, inarudishwa huko saa saba.

"Na mtoto anapewa dawa kwa kilo zake," alisema.

Fundi akaisukuma redio kando. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo, na sasa alilifikiria lote kwa mpigo. Saa saba mpaka saa kumi.

Muuguzi mkuu, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, alikuwa amemuuliza mke wa fundi kama alijua kwamba angenyamaza angepita. Alijibu kwamba alijua, ile themanini ilibandikwa ukutani, aliisoma kama wengine. Muuguzi mkuu akawatazama wasaili wenzake mmoja mmoja, kisha akachukua kalamu akalikata lile sharti la kilo kwenye karatasi. Mizani ikarekebishwa palepale kwa lile jiwe, wakampima upya kwa ajili ya faili tu.

"Kwa hiyo umepata wodini," fundi alisema.

"Hapana. Wamenipa usimamizi wa vipimo vya hospitali nzima." Akayanywa maji yote, akaiweka bilauri mezani, kisha akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Na kazi yangu ya kwanza ni kumwita fundi aliyeigusa mizani ile, jina lake liko kwenye daftari la mlinzi, aje ajieleze. Basi kesho saa mbili kamili, ofisini kwangu, na ubishe hodi kama wengine."