Kitobo cha Mama Cheruto

Tangu mvua ianze kugawiwa kwa zamu, kijiji chetu kilinyeshewa mara moja kila miaka saba. Katikati hapo jua liliwaka mpaka kuku wakataga mayai yaliyochemka. Asiyeamini amuulize kuku. Ng'ombe waliishi kwa saileji, yaani majani ya msimu ule mmoja, yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa shimoni na kufunikwa kwa turubai pasiingie hewa hata chembe.

Jirani yangu Arap Sigei alikuwa amebakiwa na shimo moja na ng'ombe mmoja mwenye mimba, Tingatinga. Siku alipolifungua shimo, alikuta ukungu mweusi umeenea kote. Kwenye turubai palikuwa na kitobo cha kutosha pua.

"Panya gani huyu anayetoboa kwa mkasi, Mama Cheruto?"

"Si panya, ni mimi," mkewe akasema. "Nilikuwa nakuja kunusa majani, yananukia mvua. Kidogo tu, halafu naziba kwa udongo."

"Kunusa! Umemaliza chakula cha ng'ombe kwa pua! Na zamu yetu bado miaka minne!"

"Najua, Baba Cheruto."

Zizini Tingatinga alikuwa akilia njaa. Arap Sigei akachota ukungu kwa koleo, akatupa, akachota tena. Chini kabisa akapata majani machache yaliyopona, ya kijani kilichofifia, yenye uchachu mtamu kama wa maziwa lala. Yalijaa viganja viwili tu.

Hakuyapeleka zizini. Alimwita mkewe, wakainamia viganja vile pamoja, wakanusa.