Mashine Kuukuu ya Kahawa

Tak. Kimya. Tak.

Mlio ulitoka nyuma ya mapazia ya plastiki, na Darlene Pruitt akajua kwamba mzigo wake wa mwisho unakuja. Kisha foklifti ikajitokeza, Wendell kwenye usukani, mdomo ameubana kama mtu aliyemeza kicheko kizimakizima. Mbele yake amebeba kreti ya mbao, kubwa kama kabati la nguo.

"Mashine kuukuu ya kahawa," alisema. "Inakwenda Fargo. Ipe daraja la nauli, dada, na kazi iwe yako. Ikikushinda, basi."

Hiyo "basi" Darlene aliielewa. Asubuhi msimamizi wa ghala, Stan Nowak, alimwambia akiwa kwenye kiti chake karibu na hita, kiti ambacho hakuna mwingine Toledo nzima aliyethubutu kukikalia, huku akipasua njugu kwa meno kama afanyavyo kutwa: "Majaribio yako ya kazi yanakwisha leo. Ukikosea daraja la mzigo mmoja tu, chukua koti lako." Kisha akaaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno.

Kurudi kukaanga viazi kando ya barabara kuu, mafuta yakimrukia usoni? Darlene heri ale tepu yake ya kupimia.

Wapakizi walikuwa wameshakusanyika, donati mikononi.

Alipima urefu, upana, kimo. Mzigo mzito uliojibana hupata daraja la chini na nauli nafuu. Mzigo mwepesi unaotanua mabega hupandishwa daraja. Akaisogeza kreti kwenye mizani. Namba zikapanda, zikashuka kidogo, zikapanda tena.

Tak.

"Nini hicho?"

"Skrubu imelegea," alisema Wendell, na nyuma yake mtu akapaliwa na donati.

Darlene aliendelea kama alivyofundishwa. "Inavunjika?"

"Imegongwa miaka mingi, bado inanguruma."

"Inavuja?"

"Ikijaa kahawa."

"Naweza kuipandishia mizigo mingine juu?"

"Weka hata tembo! Sisi tutashangilia."

Wakaangua kicheko. Namba za mizani nazo zikaruka.

Darlene aliziona. Akachomeka kalamu nyuma ya sikio. "Hebu niwaulize, jamani. Kwa nini Stan hasafirishwi kwa lori?"

"Kwa nini?"

"Mipira ya pingpong hupewa daraja la juu kabisa, maana inajaza trela na uzito haina. Sasa kichwa cha Stan..."

Hakumaliza. Ghala lililipuka. Wendell aliangukia usukani akitokwa na machozi, honi ikalia, na namba za mizani zikacheza ngoma ambayo hakuna mashine ya kahawa iliyowahi kuicheza.

Darlene akagawa uzito kwa ukubwa, akachukua chaki, akaandika jibu ubavuni mwa kreti, tarakimu kubwa za kusomeka kutoka mlangoni.

"Daraja la juu," akatangaza. "Nafasi tele, ndani hewa." Akaokota nyundo. "Kifuniko kimelegea. Nakipigilia misumari, kisha Wendell, pakia. Trela ya Fargo inaondoka sasa hivi, na huko leo hata mate yanaganda kabla hayajafika chini."

"Dada, ngoja kwanza..." Kicheko kilikuwa kimemwisha Wendell chote.

Msumari wa kwanza ukazama. Wa pili ukafuata.

"Kazi ni yako!" kreti ikapiga ukelele.

Darlene aliisimamisha nyundo hewani, akainamisha sikio kwenye mbao. "Sijasikia vizuri. Na kile kiti cha karibu na hita?"

"Na kiti! Nakuahidi, Darlene, mbele ya hawa wajinga wote, kuanzia kesho utakikalia wewe!" ikasema mashine kuukuu ya kahawa, kwa sauti ya Stan Nowak.