Kiingereza cha Habari

Watu wote walikuwa wanashuka. Kavira peke yake alikuwa anapanda.

Walishuka na magodoro, mbuzi na masufuria, watoto wamefungwa migongoni, wakielekea mji wa Sake. Yeye alikuwa amepakiwa nyuma ya Shema, dereva wa pikipiki ya kukodi, amevaa viatu vya kanisani, anarudia maneno ya Kiingereza kimoyomoyo.

"Dada, rudi nyuma!" mama mmoja alimpigia kelele. "Hauone watu wako nakimbia vita?"

"Niko na egzamen, mama!"

Shema alicheka, kisha akaongeza bei.

Kavira aliogopa, tena sana. Ila nafasi ya mkalimani katika shirika la Wazungu pale Masisi ilikuwa moja tu, na mtihani ulikuwa leo. Duka la mama yake huko Kibabi lilikuwa limeporwa hadi chumvi, na bila mshahara ule lisingefunguliwa tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kiingereza chake alikipata kwa Mwalimu Damascène, mtu aliyeamini kwamba vitabu vya shule vinafundisha watu kuagiza chai tu, lakini redio za ng'ambo zinafundisha kazi. Kila Jumamosi aliwasikilizisha habari za vita, tena vita vya Masisi yenyewe. Wanafunzi wakajifunza majina ya Kiingereza ya mambo ambayo miguu yao iliyajua zamani: kuhama makwao, kuviziwa njiani, kusitisha mapigano. Hili la mwisho liliwapa shida, kwa kukosa mfano.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kutunga taarifa fupi, kujirekodi ukiisoma kama mtangazaji, na kutuma odio hiyo kwenye simu ya mwalimu. Sharti lilikuwa moja: habari itokee kwenu. Neno likitua kwenye shamba la maharage la shangazi yako, alisema, hulisahau tena.

Odio ya Kavira, mwalimu aliisikiliza amesimama.

"Umeongea kama redio kabisa," alimwambia. "Ila uweke na lile neno la 'inasemekana'. Watangazaji hawaliachake."

"Lile liko navunja ulimi, Mwalimu."

"Basi, liache."

Mama yake, Elisabeth, hakuelewa hata neno moja, na hilo halikumzuia kuwapigia majirani odio ile baada ya misa, wala kuituma kwa dada zake wote, ili wajue pesa ya shule haikupotea bure. Kavira aliona haya, lakini moyoni alifurahi.

Alipofika Masisi alikuta maduka yamefungwa na mbwa wanazurura sokoni. Kwenye lango la shirika alikuwepo mlinzi tu, Papa Nzabandora, amekalia kiti cha mkurugenzi alichokitoa nje kuota jua.

"Bureau imefungwa, dada. Wazungu walishaenda jana na elikopta."

"Na egzamen, Papa?"

"Egzamen gani tena? Vita iko nakuja!"

Kavira alitaka kulia. Njia yote ile, na woga wote ule.

"Umesikia masasi ya bunduki?" akauliza.

"Hata moja. Lakini ilitoka habari ya Kiingereza, dada, na Kiingereza haisemake bongo, haidanganyake. Watu walisikia, wakakimbia. Wazungu waliona watu wako nakimbia, njo maana na wao wakapanda elikopta."

"Habari ya redio gani?"

"Nitajua wapi? Iko mu simu ya kila muntu. Mimi mwenyewe nilitumiwa na shemeji, na yeye alitumiwa na muntu wa kanisa."

Mzee alitoa simu, akaifuta kwenye suruali, akaongeza sauti hadi mwisho. Mwanamke alianza kuzungumza, polepole, bila kukwama, na majina ya vijiji vya Masisi yakapita moja baada ya jingine.

Kavira aliegemea lango. Kila sentensi aliijua kabla haijafika, na pale pa 'inasemekana' hapakuwa na neno.

"Unasikia?" Nzabandora alimwambia kwa huruma, akizima simu. "Ungekuwa unaongea Kiingereza kama ya uyu mama wa Ulaya, mutoto wangu, wangekuchukua tangu zamani."