Namba Zote Safi

"Washa injini, Chifu!"

"Siwashi!"

Anselmo Dacanay, fundi mkuu wa meli, alisimama katikati ya mlango wa chumba cha mitambo, mikono kiunoni. Mafuta waliyopakia hapa Singapore yalimtia shaka tangu siku ile ile. Yaliacha kwenye chujio unga uliokwaruza vidole, na unga wa namna hiyo hula injini.

Bwana Quek, msimamizi aliyetumwa na kampuni, alifoka. "Wewe nani hata uigomee kampuni?"

"Mimi ndiye nitakayekuwa huku chini injini ikizimika kwenye dhoruba. Wewe utakuwa kwako, unakula wali na kuku. Kwanza maabara wajibu kuhusu sampuli tuliyowapelekea."

"Wakisema ni safi?"

"Nitakuomba radhi mbele ya mabaharia wote."

Saa nane mchana Quek alipanda tena melini na karatasi ya maabara. Akawakusanya mabaharia wote kumi na tisa kwenye chumba cha kulia, akaisoma kwa sauti. Chembe ngumu: kumi na mbili, na kikomo ni sitini. Maji: karibu hakuna.

Anselmo akampokonya karatasi. Akazipitia namba mara tatu. Zote safi.

"Tunasubiri, Chifu," Quek alisema, akitabasamu.

Anselmo aliomba radhi, meno yameumana.

"Vizuri. Sasa kafunge mizigo yako. Efren atashika nafasi yako."

Efren, msaidizi wake wa miaka sita, aliinamisha kichwa. "Namba ndizo hizo, kaka," alinong'ona. "Ningefanyaje?"

"Nenda kawashe!" Anselmo alimkaripia. "Si umeambiwa?"

Kwenye boti ya kumrudisha pwani alikaa peke yake. Alimlaani Quek, akamlaani Efren, kisha akajilaani mwenyewe zaidi ya wote. Kule nyuma meli iling'oa nanga, ikapiga honi, ikaelekea bahari kuu.

Karatasi bado ilikuwa mkononi. Alipotaka kuichana, macho yake yakatua kwenye mstari wa juu kabisa, ambao hakuwa ameusoma kwa sababu haukuwa na kipimo chochote.

Sampuli imepokewa maabara: tarehe tisa.

Wao walipakia mafuta tarehe kumi na moja.