Bangili ya Ndoa

"Kabla ya yote, vua bangili," mwalimu wa mazoezi alisema kwenye video ya simu. Mwanahawa, kama kawaida yake, akaisogeza mbele kuipita sehemu hiyo.

Saratani iliondoka na titi lake, ikamwachia mkono unaovimba na maumivu yasiyolala. Mengine yote ya masomo hayo ya mtandaoni aliyafuata: akaupapasa mkono taratibu, akauinua, akavuta pumzi. Lakini leo bangili ilikuwa imezama nyamani na vidole vimeiva kama zambarau. Sabuni ilishindwa, mafuta ya nazi nayo yakashindwa.

Mumewe Makame akaingia na msumeno wa chuma.

"Hapana, Baba Saumu!" Akauficha mkono kifuani, upande ulio bapa. "Bangili ya ndoa huvuliwa mjane. Watu wakiniona mkono mtupu watasema umekufa."

"Basi na wanizike."

"Usiseme hivyo. Naogopa."

"Hata mimi naogopa, Mama Saumu. Lete mkono."

Akaupakata mapajani kama mtoto mchanga.

"Sasa legeza bega," mwalimu aliendelea. "Vuta pumzi."

Mwanahawa akaivuta, akashindwa kuitoa. Makame alitafuta pa kuanzia kukata. Baina ya dhahabu na ngozi usingepita hata uzi.