Kofia ya Kocha Msaidizi

Tangu vyuo viruhusiwe kuhamisha kumbukumbu za mwili, kila timu ya kikapu ilitaka mchezaji wa zamani wa kulipwa. Ndivyo Magesa alivyoajiriwa kuwa kocha msaidizi. Kila jioni alivalishwa kofia ya nyaya, na ustadi wake ukawaingia wanafunzi.

Mkewe, Nyamizi, alikuwa amechoka naye.

"Nimekurushia chungwa likakupiga usoni! Wewe wa kushindwa kudaka chungwa?"

"Chuo kinanithamini, mama Kulwa."

"Kinakuthamini au kinakumaliza?"

Jumamosi timu ikaalikwa kula nyumbani kwao. Nyamizi alishangaa kuona wachezaji wote wakiinama mlangoni, hata yule mfupi, kama Magesa alivyozoea kwa urefu wake. Mmoja akapeleka mkono nyuma ya friji, akachomoa chupa ya pilipili ambayo Magesa huificha huko.

"Nani kakuonyesha?" Nyamizi akafoka.

"Hakuna, mama. Mkono umekwenda wenyewe."

Nyamizi akasonya. Na huyo mwenye wageni yuko wapi?

Mlangoni kikasikika kishindo cha kichwa kugonga fremu. Kisha sauti ya Magesa, yenye adabu kama ya mtu asiyefahamiana na yeyote mle ndani:

"Hodi wenyewe?"