Picha Safi kwa Limbu

"Uso tu, mwanangu. Kifuani usishuke."

Wilbroad akaitikia kwa kichwa, akapandisha kamera kidogo. Kila mfiwa na masharti yake. Alikwisha kurusha misiba mingi mubashara pale Tabora mjini, na wateja aliwajua: huyu hataki miguu yake ionekane, yule anataka jeneza lionekane kuliko marehemu. Huyu Mama Limbu alitaka uso, basi. Wilbroad alipofika alimwamkia shikamoo, akampa na pole ya msiba. Marahaba ilikuja upesi. Pole ilichelewa kujibiwa.

Mzee Ezekia alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba katikati ya sebule, shuka jeupe limempanda hadi kidevuni, maua ya bogenvilia yamerundikwa juu yake. Ulikuwa uso wa mtu aliyeugua siku nyingi. Mashavu yamebonyea, ndevu zimenyolewa vizuri asubuhi hiyo hiyo.

"Taa usimsogezee sana," mama akasema. "Inaunguza."

Wilbroad akairudisha nyuma bila kubisha. Wajane ndivyo walivyo. Aliwahi kumwona mmoja akimfunika mumewe blanketi la pili ndani ya jeneza.

Shida ilikuwa mtandao. Mtandao wa kijiji hiki cha Kigwa una tabia za mgeni wa kula: ukiuandalia haufiki, ukishakata tamaa unapiga hodi. Wilbroad alifunga modemu kwenye mwanzi mrefu, akausimamisha juu ya paa upande wa mnara wa simu, akaweka laini mbili zisaidiane. Bado picha ilikwenda kidogo, ikaganda, ikawa vipande vipande.

"Mama, nikipunguza ubora haitakatika. Sura itakuwa na ukungu, lakini itafika."

"Hapana!" Mama alikaribia kupiga kelele. Kisha akashusha sauti. "Mzee alipoanguka tulimpigia Limbu, tukamwonyesha baba yake kwa simu. Akasema haoni kitu, tumpigie siku nyingine. Tukamtumia picha, akasema simu yetu mbovu. Leo sitaki awe na la kusema."

Limbu alikuwa mtoto wao wa kwanza. Wilbroad alidhani yuko Ulaya au Marekani, maana ndiko wanakorushiwa misiba watu wengi.

"Yuko nchi gani, mama?"

"Yuko Dar es Salaam."

Reli ya kutoka Dar ilipita nyuma ya nyumba ile ile.

"Babu yake mzee huyu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo," mama akasema, "na akarudi. Huyu wetu ana treni, ana basi, harudi. Harusi ya dada yake hakuja. Ugonjwa wa baba yake hakuja. Lakini msiba? Mtu gani asiyekuja kumzika baba yake?"

Aliuliza akitazama kitandani, si kwa Wilbroad.

Wilbroad akachungulia uani. Hapakuwa na turubai, wala moto wa sufuria kubwa, wala jirani hata mmoja.

"Na kaburi, mama?"

"Katika ukoo huu jembe la kwanza hupigwa na mtoto wa kwanza. Yeye akija, mengine yote yatakuja."

Roho ikamuuma Wilbroad. Watu wamefika mahali pa kuomboleza peke yao, wakimsubiri mtu mmoja! Akajiapiza kwamba picha hiyo itafika, tena itafika safi.

Julieth, binti yao, akaingia na bakuli la uji. Alipoona kamera imeshawekwa akasimama mlangoni, akamtazama mama yake.

"Rudisha jikoni," mama akamwambia. "Ufunike."

Wilbroad akazima kila simu mle ndani isipokuwa ya mama, iliyokuwa ya kumtumia Limbu kiungo cha matangazo. Akapanda tena juu ya paa, akauzungusha mwanzi polepole kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Aliposhuka, picha kwenye kompyuta ilikuwa imetulia. Makunyanzi ya mzee yalionekana, na hata kope zake ungeweza kuzihesabu. Akaona fahari, halafu akaona aibu kwa fahari yake.

Mama akatuma kiungo kwa Limbu. Watazamaji: sifuri.

Wakasubiri. Julieth alikaa mkekani ameficha uso magotini. Nje treni ya mizigo ikapita bila kusimama, kitanda kikatetemeka, picha isikatike.

Watazamaji: mmoja.

"Ameingia," Wilbroad akanong'ona.

Mama akajiziba mdomo kwa kanga. Hakuna aliyejisogeza mle ndani. Limbu alitazama, akaendelea kutazama, na Wilbroad akaanza kuamini kwamba mtu huyo yu njiani kwenda kukata tiketi. Nani angeuona uso ule, kwa usafi ule, akabaki amekaa?

Kisha maandishi yakatokea chini ya picha.

"Macho yangu hayafiki hapo," mama akasema. "Nisomee. Kwa sauti."

Wilbroad akasoma. "'Nimemwona, mama. Picha iko safi kabisa. Poleni sana. Kazi zimenibana huku, msinisubiri. Zikeni tu.'"

Watazamaji: sifuri.

Alitamani kudanganya kwamba mtandao umekatika. Kwa kukosa pa kuweka macho, akayarudisha kwenye kompyuta. Pale, katika picha aliyoihangaikia tangu asubuhi, chozi likachungulia chini ya kope za Mzee Ezekia, likateremka hadi sikioni, likazama kwenye mto.

Mama Limbu akaanza kuyaondoa maua, moja moja.

"Inuka, baba Limbu," akasema. "Inuka unywe uji."